Mbwa wa Udongo wa Watolteki

Nilikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho Braamfontein, Johannesburg, pale vilipoletwa kwa maonyesho vyombo vya udongo vya Watolteki, watu wa kale wa Meksiko. Vilifinyangwa kwa maumbo ya wanyama: kasa, bata mzinga, na mbwa mmoja mnene, mdomo wazi. Nilipomwona yule mbwa nikamkumbuka mama. Kwetu Uvira, Kongo, alikuwa mfinyanzi, hadi vita vilipotufukuza. Huku Johannesburg tulipanga chumba mtaa wa La Rochelle, akawa anauza mboga, mpaka kiharusi kilipoupooza mkono wake wa kulia. Tangu hapo alisema kwa nadra.

Siku yangu ya mapumziko nikampeleka. Alisimama mbele ya mbwa mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ona, papa," akasema. Ndivyo mama zetu wanavyowaita wana wao. "Hakupakwa rangi huyu. Anang'aa kwa udongo wenyewe na moshi. Aliyemchoma alijua wakati wa kuuziba moto, hewa isiingie. Tumbo ni mtungi tu. Kichwa na miguu alibandika baadaye."

Kisha akaanza kulia. "Mfinyanzi mwenzangu amekufa zamani, kazi yake ingalipo. Vyungu vyangu vyote vilibaki uani kule Uvira."

"Tutafinyanga, mama."

"Kwa mkono gani?"

"Wangu."

Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na utotoni nilikataa hata kumbebea udongo. Sasa nilinunua mfuko mzima, nikakaa miguuni pake uani, naye akanielekeza: ponda, lowesha, zungusha, usibonyeze sana. Mbwa wangu alifanana zaidi na nguruwe. Mama alicheka, kwa upande mmoja wa uso.

"Sasa mwache akauke wiki mbili," akasema.

Lakini mama alikuwa anadhoofika. Chakula alikigusa tu, na ngazi zilimshinda. Niliogopa. Siku ya tano nikawasha kuni ndani ya pipa, nikamtia mbwa motoni. Haukupita muda, tukasikia mlio kama wa risasi. Mama alishtuka, akajifunika kichwa kwa mkono mzima.

Moto ulipopoa nikamletea vipande.

"Maji yalikuwa bado ndani," akasema. "Kwa nini hukungoja?"

"Nilitaka umwone."

Alinitazama, akaelewa. Hakunikaripia. Aliushika mkono wangu, ukiwa na masizi vile vile, akasema, "Basi anza mwingine. Na huyu umngoje, hata kama mimi sipo."

Nikaanza mwingine. Alikuwa hajakauka mama alipofariki, alfajiri ya siku ya tisa.

Tulimzika huku huku, mbali na wazee wake. Wiki mbili zilipotimia niliwasha moto, nikasubiri mpaka majivu yakapoa. Mbwa alitoka mzima. Nilikaa naye mapajani, angali na joto, mpaka jirani wa chumba cha pili alipokuja kunishika bega akaniambia niingie ndani nile.