Fumbeni Macho, Tuombe

Nina hasira hadi leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Lushoto. Juzi nilialikwa kuombea chakula cha Krismasi kwenye shule ya watoto viziwi, kabla hawajafunga na kwenda makwao.

Pilau ilishapakuliwa, watoto sitini wamekaa. Nikafumba macho, nikaanza. Katikati nikachungulia. Wote wamekodoa macho, wanamtazama Mwalimu Mariamu aliyekuwa akitafsiri sala yangu kwa ishara. Nikakatiza. Adabu gani hii mbele za Mungu?

"Mwalimu, waambie wafumbe macho."

"Samahani mzee, ila hawa watoto..."

"Hakuna cha ila. Wafumbe."

Akawaambia, wakafumba. Hapo nikaomba kwa raha: wazazi wao kule Bungu, mvua, viazi, mpaka serikali. Mwalimu alikuwa ameshusha mikono. Nilidhani amechoka.

"Amina."

Hakuna aliyefumbua. Nikarudia kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Wapi. Pilau inapoa.

"Mbona hawafumbui?"

"Watajuaje kama umemaliza, mzee? Huku tunaomba kwa macho."

Ikabidi nipite meza kwa meza, mzee mzima na suti yangu, nikiwagusa mabega mmoja mmoja. Wa mwisho, binti wa miaka sita hivi, alikuwa amefumba jicho moja tu.

Sahani yake ilikuwa tupu.