Vidonge vya Mjane

Wakati waasi walipoitawala Butembo, daktari mmoja alimwondolea mama yangu mdogo uvimbe, na pamoja nao ovari zote mbili, ingawa moja ilikuwa nzima. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mjane, mwalimu wa shule ya msingi huko Kimemi. "Hatazaa tena; ni za kazi gani?" daktari aliniambia, kama mtu aliyeng'oa kisiki shambani.

Mwaka haukuisha kabla hajaanza kukwama katikati ya hesabu ubaoni. Wanawake wa kanisa walisema ni mapepo. Mkuu wa shule alimpa muhula mmoja: apone au aache darasa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi. Nilijua kwamba estrojeni, homoni itokayo katika ovari, haitumikii uzazi pekee: huzisaidia seli za neva kutumia sukari, kuunganika na kustahimili majeraha zisife mapema. Ikikatika ghafla, ubongo nao hupungukiwa. Vidonge vya uzazi wa mpango, vilivyojaa kabati la kituo chetu cha afya, vilikuwa na homoni hiyo. Sikuahidi muujiza; nilimwomba ajaribu, tukaenda pamoja kituoni.

Muuguzi mkuu, mtu wa mkoa mwingine aliyependa mihuri kuliko wagonjwa, alifungua rejista. Mwanamke hakupewa vidonge bila saini ya mumewe.

"Saini ya bwana iko wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Ulikuja kwenye matanga."

"Donc basi hana bwana. Vidonge ni ya kufanya nini?"

"Ni kwa ajili ya ubongo."

Akawageukia wasaidizi wake. "Munasikia? Mwenye diplome anasema akili ya bamama inakaa mu tumbo." Wakacheka kwa utiifu. "Mais lakini shemeji yake anaweza kuweka saini."

Shemeji huyo, ndugu wa marehemu, alikuwa akimtaka mama mdogo pamoja na shamba lake la Lubero tangu wiki ya mazishi. Kwa saini hiyo angekuwa mume mbele ya mji mzima.

"Lete bic," mama mdogo akasema, akichukua kalamu ya muuguzi. "Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamtajia. Akaandika saini ya marehemu mumewe katika rejista. Muuguzi mkuu, aliyebeba jeneza la mtu huyo, alipuliza wino ukauke.

"Sasa iko en règle," akasema, yaani kila kitu kimefuata kanuni, akatupa vidonge.

Njiani mama mdogo aliuliza vidonge vinamezwa saa ngapi. Nikamjibu. Kabla hatujafika barabara kuu aliuliza tena, nami nikamjibu kama mara ya kwanza.