Bakteria wa Kuchemsha

Jirani wa Nafula hapa Whitehall, mkimbizi aliyehamishiwa ughaibuni, huamka na soksi mikononi, kwa sababu baridi yabisi humkaza vidole alfajiri, na kufikia saa tatu lazima viwe vimelegea kiasi cha kukunja mashuka ya hoteli, la sivyo kazi hana. Mlango huufungua kwa kiwiko. Husalimia kwa sauti ya kwaya. Kliniki ilipomwongezea kopo la vidonge vya bakteria wema wa tumboni juu ya dawa zake, ikisema huenda wakamsaidia na huenda wasimsaidie, alilipokea kwa heshima zote. Tangu hapo, kila asubuhi hupasua kidonge kimoja kwa meno na kumimina unga wake katika uji unaotokota.

Jumamosi moja Nafula, ambaye ni muuguzi, alimkuta akikoroga. "Mama, unawaua! Hao humezwa wakiwa hai."

"Bon, haya, si niko nawaivisha?" Mwiko haukusimama. "Kule kambi ni nyinyi watu wa dawa mulitufundisha: chemsha, kila kitu chemsha."

Nafula akacheka. Jirani naye akacheka, kidogo, kisha akazima jiko.

"Mie nilichelewa kujifunza, dada. Mutoto wangu wa pili alikufaka na maji ya bila kuchemsha."

Nafula, mwenye shahada mbili, akamsogezea birika. Jirani alitoa kidonge kingine, akakitazama kiganjani, akakimeza kizima kwa maji ya birika yaliyopoa. Kisha akabaki amesimama, mkono tumboni, akiwasikiliza bakteria wake.