Wapelelezi Wangu Wawili

Nitasema ukweli, lakini wa kwanza kulaumiwa ni Mutombo wa Kolwezi. Wakubwa wetu walipokwisha kula kiwanda, mimi nilibaki Likasi kuongea kwa foni, ile redio ya kupeleka habari mji kwa mji. Wateja wakikosekana, mimi na Mutombo, mwenye foni ya kule kwake, tulipigana vita ya mchezo hewani: kila mtu na ramani yake ya kuchora, vizibo vya bia ndiyo askari.

Siku hiyo akanifundisha: “Mupelelezi si wa kupigana, mzee. Anaenda kuona, anarudi kusema.”

Mimi mjuaji nikatuma wapelelezi wangu wote wawili kwa njia moja. Mutombo akawamaliza.

Nikapiga kelele: “Wawili wangu wamekufa! Pale kwa daraja ya Lufira!”

Kumbe Mama Kapinga alikuwa mlangoni, anangoja habari za watoto wake wawili waliopita daraja ile kwenda ziwa la Tshangalele kununua samaki. Akaanguka chini akilia. Majirani wakaleta mikeka ya kilio.

Ikabidi nitoke, nifungue kiganja.

“Mama, waliokufa ni hawa.”

Akavitazama vile vizibo, halafu mimi.

“Weye papa muzima! Ndiyo hivi batoto yangu?”