Udongo Uliokataa Kula Chupi

Nilifukua chupi ya binamu yangu nikaizika upande wangu. Wacha niseme mwenyewe mapema, kabla hujasikia kwa majirani wa ploti, maana wao huongeza chumvi.

Binamu alitoka shule ya bweni huko Kakamega akaja kusomea huku Ruiru. Akapewa nusu ya kitanda changu, na tangu siku hiyo mama humwita "baba" kwa sauti tamu kama uji wa sukari. Mimi huniita "wewe." Nyuma ya nyumba yetu hapa Gatongora kuna kashamba, mama akatugawia nusu kwa nusu. Nyanya, mama yake mama, alikuwa ametuma mbegu za kunde kutoka nyumbani, kiganja kimoja tu. Mama akasema atazipanda upande mmoja, ule utakaokuwa umetunzwa vizuri. Nilizitaka hizo mbegu vibaya sana. Sio kwamba napenda kunde. Nilitaka mama asimame upande wangu, binamu akiona.

Yeye alipalilia kwa jembe kila jioni, amepinda mgongo kama mzee anayetafuta sadaka iliyoanguka. Mimi nikakumbuka kwamba baba yangu, ambaye hufanya kazi kwa shamba la kahawa upande wa Thika, ana dawa ya magugu chini ya kitanda. Nikachanganya bila kusoma kibandiko, nikapuliza, nikaenda mpira. Kesho yake magugu yalikuwa yananitazama tu, kijani kabisa. Sikujua dawa hiyo huchukua siku kadhaa. Nikapuliza tena, kali zaidi. Yalipokauka, upande wangu ulikuwa safi kama sakafu.

"Ona kazi," nikamwambia. "Wewe endelea kuinama."

"Sawa bro," akajibu. Yaani hata kukasirika hajui. Hilo ndilo huniudhi.

Kisha mwalimu wa kilimo akatupa zoezi: kila mtu azike chupi ya pamba shambani kwao, aifukue kabla muhula kuisha. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema udongo ulio hai una bakteria na kuvu wanaokula pamba vile wanavyokula majani makavu, na wakila wao ndipo mmea nao unapata.

"Mwalimu, na wa kula soksi wako?" nikauliza. Nikatolewa nje.

Sehemu ya dawa nikaisikilizia dirishani. Ukizidisha dawa ya magugu na kurudiarudia, baadhi ya viumbe hao huweza kupungua, na udongo ukibaki uchi, bila majani wala mizizi, waliosalia hulala njaa. Hata vile vinundu kwenye mizizi ya kunde, ambamo bakteria huulisha mmea, vinaweza kukosa kushika vizuri. Nikacheka, lakini kwa mdomo tu. Jioni hiyo tukazika chupi zetu, kila mmoja upande wake.

Jumamosi moja karibu muhula kuisha, watu wakiwa mazoezi ya kwaya, nikazifukua nichungulie. Yangu ilitoka nzima kabisa, kwenye udongo mgumu usio na hata mnyoo. Yake ilikuwa imebaki lastiki na nyuzi chache, minyoo wakijinyonganyonga pembeni kama wametoka harusini. Nimewahi kuonea watu wivu kwa simu na kwa viatu, lakini wivu wa lastiki ya chupi, hapo nilijishangaa. Nikazibadilisha.

Jumapili baada ya chakula, mama akatoka na mbegu zimefungwa kwenye kitambaa, aamue upande. Nikafukua kwa madoido.

"Mum, cheki! Udongo wangu umekula yote!"

Mama akaishika ile lastiki, akaipangusa kwa kidole, akaisoma. Mimi nasoma shule ya kutwa. Ningejuaje kwamba mtu wa bweni huandika namba yake ya shule kwenye kila nguo, hadi hapo?

"Baba, hii si namba yako?" akamuuliza binamu.

Binamu akaniangalia kidogo. "Labda tulichanganya, auntie."

Hata hapo alinitetea! Ningempiga.

Mama akachota udongo wangu, akaufinya, haukushikana. "Wewe. Ulimwaga nini hapa?"

Nikasema yote, mpaka ile mara ya pili. Nikangoja kofi. Halikuja. Akamwekea binamu kile kitambaa mkononi, akanigeukia, akasema:

"Mbegu za mama yangu zinaenda kwa huyu. Wewe utabeba mavi ya kuku na majani makavu mpaka udongo wako ukumbuke kula, na mimi nitakuja kila jioni nisimame hapo kwako, nione ukibeba."