Msiba wa Elibariki

Kwenye gemu la mtandaoni mimi ni mchawi anayefuga majini. Jini wangu kipenzi nilimpa jina Elibariki. Jumamosi aliuawa vitani, nikawaandikia wachezaji wenzangu: "Elibariki wangu ametutoka. Hakuwahi kunibishia." Nikakosea grupu, ujumbe ukaenda kwa wenzangu wa kazini, halafu simu ikazima chaji.

Jioni walipanda hadi nyumbani Machame na mikungu ya ndizi, maziwa na mchungaji. Mama akatuhesabu watoto wake, tukatimia, lakini akalia nao kwa adabu.

Mchungaji akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nilikuwa nimeshamwamkia. Nikamwambia tena shikamoo.

"Marahaba. Alikuwa nani?"

"Jini wangu, Mchungaji."