Baba mkwe anaitikia "Marahaba", madaktari wanasema anaendelea vizuri

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita kimya kimya. Lakini juzi kuna mwenzetu kaandika kwamba mzee wake kalazwa, kila akienda kumwona anakuta kapungua zaidi, na daktari kamwambia ni uzee tu, akubali. Watu wakammiminia pole na amina. Mimi nilipandwa na hasira mpaka nikaacha sufuria jikoni ikaungua.

Kwa hiyo leo naandika. Sitatia chumvi, maana yenyewe ina chumvi ya kutosha. Hospitali sitaitaja, msihangaike kuja inbox.

Wale wa "fupisha" mnisamehe, hii haifupishiki.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Mbinga mjini. Soko huria lilikuwa limeshapamba moto. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa, kila kijiji kina mizani, na hospitalini nako enzi za bure zilikuwa zimeshatupa mkono. Mume wangu alikuwa anapima kahawa kwa mnunuzi mmoja, kwa hiyo msimu ukianza mimi namwona kwa bahati. Leo yuko Litumbandyosi, kesho hajui atalala wapi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu sokoni na mtoto mmoja, Neema.

Mimi ni Mmatengo wa milimani. Mume wangu kwao ni kijiji cha Mbaha, chini kule Ziwa Nyasa. Baba mkwe, ambaye hapa nitamwita Baba kama nilivyokuwa namwita, alikuwa mvuvi na mkulima wa mihogo. Miaka yake ilikuwa sabini na kitu. Msije mkamfikiria kikongwe wa kushikwa mkono. Alikuwa anashona nyavu zake mwenyewe, anapanda shambani na jembe begani, na Jumapili ndiye anayefika kanisani kabla ya padri.

Basi akashikwa na kichomi. Homa, kikohozi, kifua kinambana. Wakampandisha lori la mizigo mpaka Mbinga. Nilikwenda kumpokea stendi. Akashuka mwenyewe na fimbo yake ya kutembelea, kikapu chake kashika mwenyewe, nikajaribu kumpokea akakataa. Tukatembea kwenda hospitali, mimi nyuma, yeye mbele, anakohoa na kutembea.

Wakamlaza. Wakamchoma sindano. Kwa hilo siwezi kusema uongo, sindano zilifanya kazi, homa ikashuka na kifua kikaanza kuachia.

Tatizo lilianza na agizo moja: mzee asishuke kitandani. Sababu yao ni kwamba sakafu inateleza na kuna mzee mwingine aliwahi kuanguka pale. Fimbo yake wakaifungia stoo pamoja na nguo zake. Akitaka kitu aseme, na kama nesi hayupo, ndugu wa mgonjwa amsaidie.

Ndugu wa mgonjwa ni nani? Ni mimi. Mume yuko kwenye mizani. Wifi yangu yuko Songea na mimba kubwa. Mama mkwe kaachwa Mbaha na mihogo iliyolowekwa, maana wote walisema haina shida, mkwe yupo pale pale mjini.

Sasa wale mliokulia mijini nisikilizeni vizuri hapa. Mimi Baba namsalimia nimepiga magoti. Chakula namwekea kwenye stuli, narudi nyuma, nasubiri mbali mpaka amalize. Kitandani kwake sikai. Jina lake silitamki. Halafu mtu huyo huyo nimshike kiuno, nimfunue shuka, nimshikie kopo la haja ndogo?

Siku ya kwanza nesi alinikabidhi lile kopo mbele yake. Baba aliliangalia, akaniangalia mimi, akageukia ukutani. Nikaliweka chini ya kitanda, nikatoka nje. Sikuwa na la kufanya. Wodi nzima ya wanaume ilikuwa na nesi mmoja kwa zamu, binti mdogo tu, anakimbia huku na kule. Hata huyo Baba asingemwomba. Angemwombaje, mtoto ambaye angeweza kuwa mjukuu wake?

Kwa hiyo Baba akatafuta dawa yake mwenyewe. Akaacha kunywa.

Hakumwambia mtu. Mimi niligundua kwa sababu ya vyombo. Uji nakuta umeganda juu. Kikombe cha maji nakiacha kimejaa, nakirudia kimejaa. Nikamwambia nesi, akasema wazee huwa hawasikii kiu. Nikamweleza na sababu, kwa aibu, kwa kuzunguka zunguka, akacheka kidogo akasema hospitalini hakuna mambo ya mila.

Hakuna mambo ya mila. Kana kwamba mtu akivaa nguo za wodi mila anaiacha stoo pamoja na fimbo.

Baada ya hapo Baba akawa mkimya. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanza hasa, maana ukimya wake uliwafurahisha. Mgonjwa asiyesumbua.

Kila asubuhi daktari anapita raundi. Mtu wa adabu, siwezi kumsema vibaya kwa hilo. Shikamoo mzee. Marahaba. Unaendeleaje? Nashukuru. Safi, twende kitanda kingine. Mimi nimesimama dirishani nje, nasikia kila neno.

Wakuu, mzee wa kwetu hata akiwa anakata roho ataitikia shikamoo. Imeingia ndani kuliko jina lake. Na ukimuuliza hali atasema anashukuru, kwa sababu kulalamika mbele ya wageni si heshima. Yule daktari naye ni Mswahili kama sisi, ana babu kwao. Alijua. Ila jibu lilimfaa.

Mimi nilikuwa naona vingine. Naingia, kabla sijapiga magoti ananiitikia "Marahaba." Nesi akipita na ndoo, "Marahaba." Ukuta nao unaitikiwa. Akaanza kuniita Agnesi, dada yake aliyefariki zamani mimi sijaolewa pale. Anauliza kwa Kinyasa kama nyavu zimeshatolewa majini.

Nikamfuata daktari, nikamwambia Baba anapotea. Akasema, "Mama Neema, huo ni uzee. Akili nayo inachoka." Nikamwambia wiki iliyopita alikuwa hachoki. Akatazama saa.

Mume wangu akaja Jumapili. Akamwinua baba yake akae, kisha asimame. Miguu ikakunjika yote miwili, wakarudi kitandani kwa kishindo. Ile miguu ilikuwa imekwisha, nyama hakuna, kitambaa kinaning'inia kwenye mfupa. Mume wangu alilia palepale wodini na hakujificha.

Daktari akamwita pembeni, akamwambia kichomi kimepona, kilichobaki ni umri, tumchukue akapumzike nyumbani. Kila mtu mzima anajua maana ya kupumzika hapo. Mdogo wake Baba alipopata habari akaanza kuulizia mbao. Mtu yuko hai, anaitikia salamu, na mbao zinaulizwa.

Katika kungoja usafiri ndipo wakaja watu wa utafiti.

Walikuwa wametoka mji wa mbali. Kijana mmoja na makaratasi, na mama mmoja daktari ndiye kiongozi wao. Walisema wanachunguza wazee wanaodhoofika na huduma wanayopata wakilazwa. Nilifurahi jamani. Nikasema Mungu kaleta watu wenyewe.

Yule kijana akavuta stuli. Shikamoo babu. Marahaba. Akampa kidude cha kubana kwa mkono kupima nguvu, Baba akakishika tu kama anayepokea sakramenti. Kisha maswali. Unaweza kuvaa mwenyewe? Ndiyo. Unaweza kutembea bila kushikwa? Ndiyo. Unakula vizuri? Ndiyo, nashukuru. Unaridhika na huduma? Nashukuru. Kijana anatiki tu, anasonga.

Mimi nilikuwa mlangoni. Kitu kikanipanda. Nikaingia mpaka kitandani, jambo ambalo sikuwahi kufanya, nikamwambia yule kijana, "Muulize kama jana alivuka ziwa kwa miguu mpaka Malawi."

Akadhani natania. Nikamwambia amuulize.

Akamuuliza. Baba akamtazama kwa upole kabisa, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Nashukuru."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, halafu wakaacha. Yule mama daktari akaja. Akamfungua mdomo, ulimi umekauka kama gome. Akavuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akauliza lini mara ya mwisho amepata haja ndogo. Nesi hajui. Daktari wa wodi hajui. Wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Baba hanywi kwa sababu hawezi kuniomba kopo. Mimi ni mkwe wake."

Nilisema kwa sauti, mbele ya wanaume wodi nzima. Mpaka leo sijui nilipata wapi huo uso.

Yule mama akaenda kumtafuta daktari wa wodi, na sauti zao zilisikika mpaka koridoni. Dripu ikaletwa. Lakini hebu sikieni alichofanya yule kijana wakati huo. Alichukua kalamu, akachora mstari kwenye karatasi ya Baba, akasema huyu wanamtoa, utaratibu hauruhusu mtu asiyejielewa. Nikamuuliza, mmekuja kutafuta wazee waliodhoofika, aliyedhoofika kuliko wote mnamtoa? Akasema ndiyo utaratibu, mama.

Kwa hiyo kwenye hesabu zao walibaki wale waliokuwa na nguvu za kujibu. Sijui walikwenda kuandika nini huko.

Mama mkwe akaletwa toka Mbaha. Aliingia wodini, akaliona lile kopo, akamgeukia mwanawe akauliza, "Mlimwachia mkwe?" Akakaa kitandani, akamshika mume wake, na kuanzia hapo maji yakanyweka. Haikuchukua siku nyingi Baba akarudi. Akaniita Mama Neema. Akauliza mbona amekonda hivi.

Daktari wa wodi alisema maji yalikuwa yamepungua kidogo. Kidogo, wakuu.

Siku ya kuruhusiwa akamwambia Baba kwamba sasa amepona, amshukuru Mungu. Baba akasema taratibu, "Kifua kimepona. Miguu yangu mmeiweka wapi?"

Daktari alituonyesha mahali pa kuchukulia fimbo.

Tulimbeba mpaka kwenye gari. Nyumbani alijaribu, mama mkwe alimsimamisha kila asubuhi akishikilia nguzo za baraza, lakini hakufika tena shambani wala majini. Nyavu akawapa watu.

Sasa niliyojifunza. Mzee akilazwa, msiridhike na salamu. Muulizeni leo amekula nini, nani alikuja jana, na kiangalieni kikombe chake. Mpelekeeni mtu anayeweza kumwomba kopo bila aibu, hata kama biashara itasimama. Kama daktari hajakataza kwa sababu ya kueleweka, msimamisheni, atembee hata mpaka mlangoni, maana kitanda nacho kinakula mtu. Na mzee wa jana akiwa anajua kila kitu, leo hajui, huo si uzee. Uzee hauji kwa wiki.

Baba alifariki miaka michache baadaye, kwenye mkeka, barazani kwake. Msibani kila aliyesimama kusema alisema ni uzee, tumshukuru Mungu kwa umri mrefu. Nilikuwa jikoni na wakwe wenzangu, nikanyamaza kwa heshima ya msiba.

Hapa si msibani. Manesi na madaktari mliomo humu, uwanja ni wenu, nitukaneni mkipenda, nielimisheni mkiweza. Na yule ndugu mwenye mzee wodini, kabla hujasoma komenti za watu, nenda kaangalie kikombe chake.